Msizitie Maji Nguo za Mama

Dodoma, Jumapili, 21 Oktoba 1951

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko mnaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Huu ni mwaka wa tano tangu niondoke nyumbani nikakuacha umesimama kwenye njia ya shambani na jembe mkononi. Ulikataa kuliweka chini. Ulisema ukiliweka utalia, na hutaki nikukumbuke unalia. Na huu ni mwezi wa sita tangu ulipoondoka wewe.

Zile barua zote nilizokuletea alikusomea katekista, ndiyo maana kuna mambo mengi sikuyaandika. Niliandika "mimi mzima, kazi nzuri, chakula kipo," kwa sababu katekista ana mdomo, na jioni kijiji kizima kingejua ninalala wapi na ninakula nini. Hii katekista haioni. Sitaipeleka posta. Kwa hiyo leo nasema kweli. Mimi si mzima sana, mgongo unaniuma tangu Kongwa, kazi ninayo lakini sijui kama nitakuwa nayo wiki ijayo. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni kwamba Anastazia, mke wa Simoni, atazifua nguo zako kabla sijafika.

Najua ungesema, "Bonifasi, una wazimu? Mkamwana wangu afue nguo, wewe unalia nini?" Ngoja nikueleze.

Mwezi wa Agosti alipita hapa Petro, yule jirani yetu wa bondeni, akienda mkonge wa Morogoro. Ndiye aliyenieleza habari zote za msiba, maana barua ya mdogo wangu Simoni ilikuwa na mistari mitatu tu. Petro alinieleza ulivyozikwa, nani aliimba, nani alikuja amelewa. Akasema nguo zako ziko kwenye kapu, juu darini, kama ulivyoziacha. Simoni hataki kuzigawa bila mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Lakini alisema mvua za kwanza zikishuka, nipo au sipo, zitapelekwa mtoni, zitafuliwa na kugawiwa, kwa sababu katika ukoo wetu hatupandi mbegu nguo za marehemu zikiwa bado ndani. Hilo nalijua. Kisha Petro akacheka, akasema, "Kaniki yake iko juu kabisa. Nimeiona kwa macho yangu, ndugu yangu. Hata ugoro wake bado umefungwa pindoni."

Nami nikacheka. Nilikuona ukilishika pindo lile, ukilifungua kwa meno, ukichota ugoro kwa kucha, ukilifunga tena upesi kabla shangazi hajaomba. Basi. Petro akapanda treni yake. Sikuwaza zaidi. Nilijiambia wafue, wagawe, nitachukua watakachonibakizia.

Kilichonigeuza moyo ni nguo za mwanamke mwingine, Mzungu, aliyezaliwa Ulaya zamani za zamani, ambaye wala sijui alizikwa wapi. Usicheke, Mama. Au cheka, nimekikosa kicheko chako.

Kazi ya karanga ya Kongwa ilipokwisha, tuliokuwa tunang'oa visiki tulitawanyika kila mtu na njia yake. Mimi nilikuja Dodoma kwa miguu na kwa lori, nikaingia kwa Bwana Ramji, Mhindi mwenye duka la ushonaji karibu na soko. Mimi si fundi. Nateka maji, nafagia, napiga pasi, nalala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mkaa wa pasi. Anayeshona cherehani ni Saidi, Mwislamu wa hapa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe, akaishiwa nguvu hapa, akaoa. Saidi anasema ukoo wao bado unapumzika.

Mwanzo wa Septemba alikuja Memsabu mmoja. Mumewe anachimba visima vya serikali upande wa Ipagala. Ni mwembamba, jua limembabua pua, anaendesha gari mwenyewe. Tulimshushia sanduku la bati lenye kufuli, akalifungua pale pale sakafuni, akasema kwa Kiswahili chao, "Hii nguo ya bibi yangu. Yeye nakufa zamani. Mimi nataka vaa kwa dansi." Klabu yao ilikuwa na dansi, na kila mtu alitakiwa aende na mavazi ya kale ya kwao. Alitaka Bwana Ramji alipanue gauni kiunoni limwenee.

Kitu cha kwanza kutoka sandukuni kilikuwa pete za chuma chembamba, kubwa chini, ndogo juu, zimeshikwa na utepe. Memsabu alipokinyanyua kikajifungua chenyewe, kikasimama. Mama, lilikuwa tenga la kuku. Sijui nikwambie nini zaidi. Tenga kabisa, kasoro kuku, nalo huvaliwa ndani ya sketi ili itanuke. Memsabu alipotoka tu, Saidi akaliinua akalichungulia kwa chini, akasema, "Ndugu yangu, sasa nimejua kwa nini Wazungu walikuja huku. Walikuwa wanawakimbia hawa wanawake wasije wakafungiwa nao." Bwana Ramji akamwambia anyamaze, lakini mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Nilikukumbuka wewe na yule sista mzee wa misheni. Nilikuwa mdogo, tunapita na kuni, naye amesimama mlangoni pa kanisa, nguo imemfunika mpaka ardhini. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi huyu ana miguu?" Nikasema lazima anayo, la sivyo angetembeaje. Ukasema, "Labda ana magurudumu kama baiskeli ya padri." Tulicheka mpaka ukatua mzigo. Basi mimi niliingia katika kazi ya gauni lile na kicheko hicho hicho. Niliwaona ni watu waliojionea haya, wakaficha miili yao kwa vyuma na marobota ya nguo.

Gauni lenyewe lilikuwa la hariri, rangi ya zambarau iliyoiva. Sketi yake pana kiasi kwamba tulipoitandaza ilifunika meza ya kukatia na nusu ya sakafu. Sehemu ya juu, isiyounganishwa na sketi, ilikuwa kizibao cha kubana, chenye vijiti vigumu vilivyoshonewa ndani kuzunguka mbavu. Memsabu alituambia ni mifupa ya samaki mkubwa wa baharini, mkubwa kuliko duka. Kiuno cha kizibao kile nilikizungushia viganja vyangu viwili, vidole vikakaribia kukutana. Nikamwambia Saidi, "Huyu alikuwa mtoto." Saidi akasema, "Huyu alikuwa na njaa."

Kazi yangu ilikuwa pasi. Bwana Ramji alinisimamia kama askari. Mkaa kidogo, kitambaa chenye unyevu katikati, usikandamize, usikawie. Cheche moja ikiruka, duka zima halitoshi kulipa. Nilikuwa nimezoea kaptula za kaki, ambazo ukizikosea zinakusamehe. Hariri haikusamehi. Siku ya kwanza nilitoka jasho mpaka machoni, na bado nilimaliza mikunjo michache tu. Kazi ya namna hiyo, Mama, inakulazimisha kutazama. Ukitazama kitu siku nyingi hukicheki tena.

Nikaanza kuona. Mikunjo ya sketi ilikusanywa kiunoni kwa mkono, uzi kwa uzi, kila mkunjo umelala juu ya mwenzake kama manyoya ya kanga. Chini kwenye upindo wameshonea utepe mgumu wa sufu, ili ukiburuzwa kwenye tope uliwe utepe, sketi ibaki. Nikasema aha, kumbe huyu hakukaa ndani tu kama sanamu, alikanyaga tope. Kwapani kwa kizibao hariri ilikuwa imefifia kwa jasho, na ndani wameweka kiraka kidogo cha pamba, kimeshonwa vizuri kuliko mshono wa Saidi. Saidi mwenyewe alikiri, na Saidi hakiri kitu. Alipofumua mishono ya kiunoni ili akipanue, alikuta tundu za sindano za zamani, mistari miwili, mitatu. Akaniita. "Tazama. Hapa alipanua. Hapa akapunguza. Hapa akapanua tena." Bwana Ramji, ambaye ana watoto saba, akasema bila kuinua kichwa, "Mimba hiyo."

Basi nikaacha kuona gauni, nikawa namwona mtu. Mwanamke aliyebana pumzi ili apendeze, akapata mtoto, akafumua, akashona, akaurudia ujana wake kwa sindano. Na lile tenga lilikuwa na akili yake. Memsabu alisema kabla yake wanawake walivaa sketi za ndani tano, sita, nzito kama magunia, ndipo pete za chuma zikaja zikawaondolea uzito, miguu ikapata hewa. Nikakumbuka vikuku vyako vya shaba, vile vilivyokuacha na alama juu ya vifundo. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini huvivui wakati vinakuuma. Ukanitazama kama nimeuliza kwa nini hung'oi meno.

Pembeni ya sketi, ndani ya mkunjo ambapo macho hayafiki, kulikuwa na mfuko. Mkono unaingia mpaka pajani. Saidi aliingiza wake akatoka na pini ya nywele iliyopinda. Memsabu alipoiona aliichomeka katika nywele zake mwenyewe, hivyo hivyo imepinda. Nikafikiri, tazama, naye alikuwa na mahali pa kufichia vitu vyake vidogo, kama wewe na pindo lako. Sikujua bado kwamba wazo hilo lingenirudia kwa ukali.

Sasa nafika kwenye kosa, nalo lilitoka kwako, Mama, ingawa sikulaumu.

Gauni lilikuwa limebakiza siku moja lichukuliwe. Jumapili mchana, duka limefungwa, Bwana Ramji ameenda hekaluni, mimi niko peke yangu na lile gauni limening'inia juu ya tenga lake, limejaa, kana kwamba kuna mtu ndani. Nikaogopa. Si mchezo, niliogopa hasa. Nilijiuliza huyu Memsabu anaingiaje ndani ya nguo za marehemu zisizofuliwa? Nani atamfulia? Hana dada huku, hana mkwe, hana mto. Mumewe anachimba visima. Akivaa hivyo hivyo akapatwa na jambo, nami nilijua na sikufanya kitu?

Nilikumbuka siku uliyofua nguo za bibi. Mimi nilibeba kapu. Uliingia mtoni mpaka magotini, ukazitia maji moja moja, na kila moja ulisema, "Nenda naye taratibu." Ulikuwa unayaambia maji. Sijasahau.

Nikachukua madebe yangu nikaenda bombani, nikapanga foleni na akina mama wa Dodoma wanaopigania kila tone kipindi hiki. Nikaleta maji mazuri. Nikatumia sabuni yangu mwenyewe, si ya duka. Sketi niliiacha kwa sababu ilikaa juu ya tenga, mbali na mwili. Kizibao ndicho kilichogusa kifua chake na jasho lake. Nikakizamisha. Nikasema maneno yako kwa Kiha, polepole, kama ulivyoyasema.

Maji yakageuka zambarau. Nikasema labda ni vumbi. Nikabadilisha maji, yakageuka tena. Nilipokitoa kilikuwa na mabaka, huku kimekoza, huku kimepauka kama ngozi ya mgonjwa, na kila kilipopita kijiti palikuwa na mstari wa kahawia. Mama, nilisimama uani na kile kitu kinachuruzika mikononi, na jua la Dodoma kichwani, nikatamani ardhi inimeze.

Bwana Ramji alipokiona alikaa chini. "Umeniua, Bonifasi. Umeniua mimi na watoto wangu. Huyu mumewe anakula meza moja na Bwana Shauri wa wilaya!" Saidi akasogea. Alichukua kizibao akakipeleka kivulini kikauke, kisha akarudi akanishika bega.

Memsabu akaja Jumatatu. Nilijitokeza mwenyewe kabla Bwana Ramji hajaanza kusema uongo wake kuhusu panya na paa linalovuja. Nikasema ni mimi niliyefua. Nilitegemea kofi, au askari. Yeye hakutazama rangi hata kidogo. Alikishika kizibao akakipeleka puani, akavuta hewa kwa nguvu. Akavuta tena upande wa kwapani. Kisha akakaa juu ya lile sanduku la bati.

"Imekwenda," alisema.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi kwamba kwetu hatuvai nguo ya aliyekufa mpaka maji yaichukue harufu yake, ili yeye aende zake salama na anayebaki awe salama. Nikasema sikutaka kuharibu, nilitaka kumlinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikaona machozi yanamshuka kwenye pua yake iliyobabuka.

"Mimi hapana taka yeye kwenda," akasema.

Hakunifukuza. Bwana Ramji ndiye aliyetaka, na Memsabu akamwambia akinifukuza hatalipa hata ile kazi ya sketi. Akachukua sketi na tenga lake, kizibao akakikunja kwenye karatasi, akaondoka. Nilidhani yamekwisha.

Wiki ile ile akarudi. Hakuwa na nguo ya kushona. Alikuwa na glavu mbili nyeupe, ndogo, zimegeuka rangi ya samli, bado ziko ndani ya karatasi yake. Alinikuta nachochea mkaa. Akaniambia ninawe mikono. Nikanawa. Akanipa glavu, akasema, "Nusa."

Bwana Ramji alinitazama kwa mbali kana kwamba nimekuwa kichaa. Nikanusa. Kwanza kafuri. Chini ya kafuri kulikuwa na ua kavu nisilolijua. Na chini kabisa, Mama, kulikuwa na mtu. Sijui niiteje. Harufu ya kiganja cha mwanamke mzee ambaye sikumwona wala sitamwona, imekaa humo miaka yote hiyo ndani ya vidole vya ngozi. Memsabu alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayengoja jibu la daktari. Nikasema, "Yupo." Akatikisa kichwa kukubali, akazichukua glavu zake, akaenda.

Hapo ndipo kaniki yako ilinirudia.

Moshi, ugoro, samli uliyojipaka mikononi. Na kile kingine ambacho ni wewe tu. Nilijaribu kukikumbuka pale pale mbele ya mkaa, sikuweza. Nakumbuka sauti yako, nakumbuka vikuku, harufu siipati. Na mahali pekee duniani ilipobaki ni kwenye kapu lile darini, ndani ya fundo ulilolifunga kwa vidole vyako siku ambayo hukujua ni ya mwisho.

Na kuna jambo lingine nililoliona siku ile ya nguo za bibi ambalo sikulielewa kwa miaka yote. Baada ya kufua ulizianika kwenye majani, ukakaa. Zilipokauka ulichukua ile nguo yake ya begani, ukauficha uso wako ndani yake. Nikakuuliza, "Mama, vipi?" Ukasema, "Hamna kitu. Ni maji tu." Nilidhani unasema nguo haijakauka. Kumbe na wewe ulikuwa umetafuta ukakosa.

Tangu siku hiyo sina raha. Kila asubuhi natoka uani natazama magharibi. Hapa Dodoma mbingu ni kavu, upepo unazungusha vumbi, mvua ni mpaka Desemba. Lakini huko kwetu mwezi wa Oktoba ndio wake. Wasafiri wanaoshuka kwenye treni ya Kigoma nawakimbilia kama mchuuzi wa karanga. "Mvua imeanza huko?" Mmoja anasema bado. Mwingine anasema Tabora kumenyesha. Mmoja alisema mawingu yameshafunga Kasulu, kisha mwenzake akamwambia muongo mkubwa, umelala njia nzima, mawingu umeyaona wapi. Nimeshindwa hata kula.

Alhamisi iliyopita nilimpata mtu wa Kasulu anayerudi nyumbani. Nikamwagiza kwa Simoni maneno haya tu: msizitie maji nguo za Mama, ningojeni. Akanitazama. "Ndiyo habari yenyewe? Watu wanaagiza habari za ng'ombe na watoto, wewe unaagiza habari ya kufua?" Nikamrudishia yale maneno mara mbili, akayarudia, lakini wakati treni inaondoka nilimwona dirishani ameshaanza kuwasimulia wenzake na wote wanacheka. Sijui atafikisha nini. Labda atasema nifulieni nguo za mama haraka. Nimelala na wazo hilo siku tatu.

Nikaomba ruhusa kwa Bwana Ramji. Akaniambia Diwali iko mlangoni, nusu ya Wahindi wa mji wanataka nguo mpya, mimi niende wapi? "Baada ya Diwali nenda hata Ulaya kwa yule bibi uliyemfulia." Nikamwambia mvua haitangoja. Akasema mahali pangu pia hapatangoja, kuna watu wengi wa Kongwa mjini wanaotafuta mkaa wa kuchochea. Anasema kweli, nawaona wakiketi barazani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Si mtu mbaya, Mama. Ana hofu zake, kama mimi nilivyo na zangu. Saidi alimtetea kidogo na kunitetea kidogo, kisha akaniambia nikiwa nje, "Kazi ya pasi utaipata tena. Mimi harufu ya mama yangu niliiuza mnadani pamoja na kitanda."

Jana ndiyo ilikuwa dansi yenyewe. Jioni jua likishuka tulikuwa barazani tukamwona Memsabu akipita. Tenga halikuingia ndani ya gari. Ilibidi asimame nyuma, kwenye sehemu ya wazi ya pikapu, ameshika chuma, mumewe anaendesha polepole kama anabeba mayai. Juu alivaa blauzi nyeupe ya kawaida. Kiunoni ile sketi ya zambarau niliyoipiga pasi mkunjo kwa mkunjo, imejaa upepo wa Dodoma, vumbi jekundu linapita chini yake. Watoto walikimbia nyuma wakipiga kelele. Wanawake wa sokoni walisimama. Nilitegemea wacheke, na wengine walicheka. Mama mmoja Mgogo muuza karanga alisema, "Mwenyewe kapendeza." Nami nikasema kapendeza. Ile pini iliyopinda ilikuwa kichwani mwake. Aliponiona aliinua mkono.

Nilitamani ungekuwepo. Ungeniuliza kama ana miguu. Ningekwambia anayo, nimepiga pasi inapopita.

Lakini usiku ule ule ilinishika hofu nyingine, na hii lazima nikuulize ingawa huwezi kunijibu. Je, kama maji ni kweli? Kama wewe uko njiani bado, umesimama mahali na jembe mkononi, unangoja nguo zifuliwe ndipo upite, na mimi mwanao ndiye ninayekuzuia? Bibi ulimwachia. Ulikosa harufu yake lakini ulimwachia aende. Memsabu anamshika bibi yake kwa glavu, labda kwao inaruhusiwa. Mimi sijui kipi ni sawa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na hili hawakulifundisha.

Nimelifikiria leo kutwa nzima, tangu nitoke misa. Nimeona hivi. Nguo zako nitazipeleka mtoni mwenyewe. Anastazia atabeba kapu, mimi nitaingia mpaka magotini, nitasema maneno yako kwa kila moja, na zitagawiwa kama inavyotakiwa, shangazi apate vitenge, Anastazia apate shuka. Usione nakuzuia. Nenda, Mama. Ila lile pindo la kaniki, lenye fundo, nitalikata kwa kisu kabla ya maji. Dogo tu, kama kiganja. Nadhani hata wewe ungenipa kama ningekuomba. Ungenung'unika, ungesema utapata wapi pindo lingine la ugoro, kisha ungenipa. Sitalifungua. Nitaliweka kama lilivyo.

Bwana Ramji nimeshamwambia kwamba naondoka. Amekasirika, lakini kisha akanipa kipande cha karatasi ngumu ya kufungia hariri, akasema, "Weka humo, wadudu hawapiti." Hakusema weka nini. Kumbe Saidi ana mdomo kuliko katekista.

Sina mengi tena, taa inaisha mafuta. Kama uko mahali unapoona mawingu kutoka juu, yashike kidogo. Siku chache tu.

Kaa vizuri huko. Msalimie bibi, umwambie nami nimejua alikuwa ananukiaje, maana nilimnusa bibi wa mwenzangu.

Treni ya kuelekea Kigoma ni keshokutwa, Jumanne. Nitashuka Uvinza, nitakununulia chumvi kwa mazoea tu, kisha ni miguu mpaka nyumbani. Ijumaa jioni nitakuwa chini ya dari lile, natafuta ngazi.

Mwanao,
Bonifasi